Bado Haijashika

Mpira wa hewa ulikataa kuchomoka. Fundi alikuwa ameuzungusha, ameubembeleza kwa bisibisi, ameupaka mafuta na kuupa muda, na bado uliing'ang'ania shingo ya busta ya breki kana kwamba vilizaliwa pamoja. Hakuukata. Mwingine angechukua kisu, akamaliza kazi, kisha akahangaika baadaye kutafuta mpira mwingine. Yeye alifuta mikono, akaegemea madigadi, akautazama kidogo, halafu akarudi kuuzungusha kwa upande mwingine. Kule gereji anakofanya kazi hawakumwita Taratibu bure.

Ulipoachia, uliachia bila sauti. Taratibu aliuinamisha juu ya kiganja. Likatoka tone, likafuatwa na tone, kisha mchirizi mwembamba uliompita katikati ya vidole. Hakuhitaji kunusa, lakini alinusa. Mafuta ya breki.

Mpira ule kazi yake ni kupitisha hewa tu. Injini ikiwaka, huvuta hewa kutoka ndani ya lile kopo jeusi la busta, na mvuto huo ndio unaomsaidia dereva kukanyaga breki. Mafuta hayana njia ya kufika humo, isipokuwa sili za ndani, zile pete za mpira za kuzibia, zimechoka na kuyaachia yavutwe mpaka kwenye injini, yaungue, yatokee nyuma kama moshi mweupe. Ndiyo maana mafuta kwenye kikopo chake yalikuwa yakipungua huku chini ya gari pakiwa pakavu. Ndiyo maana pedali ilikuwa nzito.

Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, humo kwenye banda la Mjomba wake, mwenye gari. Mjomba alikuwa akisema kweli: ubovu ulikuwa kwenye breki. Taratibu alidhani akijua hivyo atafurahi, lakini alibaki amekaa akitazama mafuta kiganjani.

Gari lenyewe lilikuwa la watu wawili tu, fupi, limelala chini kama mnyama anayenyemelea, na paa lake la turubai. Mjomba aliliokota zamani nyuma ya ghala lililobomolewa, panya wamezaa ndani ya viti. Wakati huo alikuwa fundi wa simu, hajui hata injini inazunguka upande gani. Alilifungua kipande kimoja kimoja, akakosea, akarudia, akakosea tena kwa namna mpya, na Taratibu, mtoto wa dada yake, alikuwa hapo pembeni tangu siku ya kwanza. Humo bandani ndimo Taratibu alimojifunzia kazi. Hakuna chuo alichokwenda zaidi ya hiki chenye dirisha moja na bati linalovuja kwenye kona.

Mwaka uliopita Mjomba alipatwa na kiharusi. Ulimi ulirudi, mkono ukarudi karibu wote, lakini mguu wa kulia ukabaki nyuma kidogo, kama mtu aliyesimama njiani kufunga kamba ya kiatu na wenzake hawakumsubiri. Hata hivyo kila Jumapili asubuhi alitoa gari, akazunguka barabara ya bwawani peke yake, akarudi. Ile ndiyo ilikuwa saa pekee ya wiki ambayo hakuna aliyemuuliza kama amemeza dawa.

Kisha akaanza kusema pedali imekuwa nzito. Taratibu alipita siku moja, akaingia, akakanyaga, akasema, "Mbona iko sawa, Mjomba." Wiki iliyofuata Mjomba aligonga geti lake mwenyewe. Geti likapinda, taa ya mbele ikapasuka. Hakuumia mtu, ila siku hiyo binti yake, ambaye sasa alikuwa amerudi kuishi naye, alisimama katikati ya uwanja akanyoosha mkono kudai ufunguo.

Walibishana mpaka jirani akafunga dirisha. Mwisho wakakubaliana hivi: Taratibu ataangalia. Kama ni mguu, ufunguo utakwenda kwa binti na usirudi. Kama ni gari, litengenezwe, na hakuna mtu atakayefungua tena mdomo. Mjomba aliutia ufunguo kwenye uzi akauvaa shingoni, akasema hakimu amepatikana.

"Mgonjwa amejulikana?"

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine ukishika mwimo. Nje mawingu yalikuwa yamekaa juu ya nyumba tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki, na mwanga uliopita nyuma yake ulikuwa wa kijivu.

"Amejulikana, Mjomba." Taratibu alimnyooshea kiganja chenye mafuta.

Mzee alikokota hatua, akainama, akachovya kidole, akakisugua na mwenzake.

"Kwenye mpira wa hewa?"

"Kwenye mpira wa hewa."

"Na wewe ukakaa pale kwenye kiti ukaniambia iko sawa."

"Mguu wangu ni wa malori, Mjomba. Kutwa nzima nakanyaga mabreki ambayo hayana hata hiyo busta. Kwangu kila kitu ni laini."

"Mguu wa tembo huo. Mama yako alipata shida kukutafutia viatu, kumbe tatizo lingekuja kunikuta mimi." Alicheka, bega likatikisika, kisha akageukia nyumba akapaza sauti. "Mama! Njoo uone. Njoo uone mguu wangu umevujia wapi."

Binti yake, ambaye Mjomba alimwita Mama tangu mkewe alipofariki, alitokea mlango wa jikoni akikausha mikono kwa kanga. Alikuwa mkubwa kwa Taratibu kwa miaka michache, na Taratibu alimwita Dada maisha yake yote. Alitazama kiganja, akatazama uso wa baba yake, akasema, "Nimeona, Baba," akarudi ndani.

Mjomba alibaki akitabasamu kuelekea mlango uliofungwa. Kandambili ya mguu wa kulia ilikuwa imemtoka pale mlangoni mwa banda, imelala kifudifudi, na yeye alikuwa amesimama na unyayo mtupu juu ya sakafu ya baridi yenye chembe za chuma, wala hajui.

Taratibu aliiokota, akapiga magoti kama anayetafuta spana iliyoanguka, akamvisha.

Dada alimsubiri kwenye bomba la nje alipokwenda kunawa. Alifungulia maji makali ili sauti zisifike bandani.

"Sema haitengenezeki."

"Dada."

"Sema tu hicho kidude hakipatikani tena duniani. Gari ni la zamani, nani atashangaa?"

"Seti ya sili inapatikana. Yeye mwenyewe anajua inapatikana, ameshaniambia nani anayeuza."

"Basi sema umeagiza haijafika. Iwe haifiki mpaka asahau."

"Mjomba asahau gari lile?"

Dada alikuwa akitazama maji yakizunguka kwenye tundu. "Juzi nimemkuta amekaa kitandani anauvuta mguu kwa mikono miwili kuupandisha, kama mtu anayepandisha gunia. Aliponiona akajifanya anakunja suruali." Alifunga bomba. "Wewe unadhani nataka kumnyima raha? Mimi ndiye nasimama getini kila Jumapili nikisikiliza. Sauti ya gari ikichelewa kidogo kwenye kona ile, nafungua geti nianze kumfuata."

"Busta ni mbovu kweli, Dada. Siyo maneno ya kumfurahisha."

"Najua ni mbovu. Umeona ubovu mmoja, ukaacha kutafuta."

Taratibu alijifuta mikono polepole, kila kidole peke yake. Hakuwa mwepesi wa kukata kauli, na hili lilikuwa na pande mbili, zote mbili za watu anaowapenda.

"Niachie nimalize breki kwanza," alisema. "Breki zikiwa nzima, tutajua kilichobaki ni nini."

"Na kama kilichobaki ni kile ninachokijua mimi?"

"Tutakiona wote."

Sili zilikuja kwenye boksi dogo lisilozidi la viberiti vya jikoni. Jioni baada ya kazi Taratibu aliibana busta kwenye jiliwa, akaifungua skrubu kwa skrubu, akipanga kila kipande juu ya gazeti kwa mpangilio kilivyotoka. Ndani palikuwa na supu nyeusi. Kiwambo cha mpira, kile kinachovutwa na hewa na kusukuma fimbo ya breki, kilikuwa na ufa kando ya ukingo, mdogo, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo na kusita. Springi ilikuwa nzima. Kwenye silinda yake palikuwa na kutu upande wa chini, ambako maji yalikaa, akaisugua kwa msasa laini uliolowa, akaangalia kwa tochi, akasugua tena.

Mjomba alikuja kila jioni kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na benchi. Alipenda kushika vipande.

"Hiki kilitakiwa kuvuta, kikawa kinapumua," alisema akinyoosha ule ufa kwa kidole gumba. "Mtoto wangu anasema mimi mguu. Kumbe ni hiki kitambaa."

"Ni hicho, Mjomba."

"Jumapili nitampitisha bwawani. Atakaa hapo pembeni aone baba yake anavyokunja kona. Atanyamaza kuanzia getini mpaka getini."

"Dada kunyamaza? Hiyo hata busta mpya haiwezi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Taratibu alicheka naye, macho yakiwa kwenye silinda. Tangu siku ile ya bombani alikuwa hautazami mguu wa Mjomba, na kwa kutoutazama alikuwa akiuona kila wakati: ulivyokaa umegeuka nje kidogo, ulivyosogezwa kwa fimbo, ulivyosahauliwa nyuma mwenyewe alipoinuka.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumamosi. Mawingu yalikuwa yaleyale. Taratibu alirudisha busta mahali pake, akafunga paipu, akajaza mafuta mapya, akainua gari mbele kwa jeki na kuliweka kwenye stendi, gurudumu la mbele la kulia akalitoa. Kwenye tundu la kutolea hewa alichomeka mpira mwembamba, upande wake wa pili akauzamisha kwenye chupa ya kioo yenye mafuta kidogo ili hewa ikitoka aione.

Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja kwenye pedali, mwingine kwenye gurudumu, na katika banda lile ilikuwa na utaratibu wake. Mjomba aliuweka tangu zamani. Wa gurudumuni anasema kanyaga. Wa pedalini anakanyaga kwanza, ndipo anasema nimekanyaga. Hasemi kabla. Wa gurudumuni akifunga tundu anasema achia, na mwenzake akishaachia anasema nimeachia. Hakuna aliyeruhusiwa kusema jambo ambalo halijatokea, hata kwa utani, kwa sababu wanaosemezana hawaonani. Siku moja Taratibu, angali mdogo, alisema amekanyaga na hakuwa amekanyaga. Mjomba alizima taa, akafunga banda, hakulifungua kwa wiki nzima.

Dada ndiye aliyekaa kwenye pedali. Alikubali bila kuombwa mara ya pili, akavua viatu, akaingia.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Mapovu yalitoka kwenye chupa, makubwa kwanza, yakawa madogo.

"Achia."

"Nimeachia."

Wakaendelea hivyo, gurudumu kwa gurudumu, Mjomba akiwa kwenye kiti chake akiitikia kwa kichwa kama msikilizaji wa ibada. Mwishoni mafuta yalikuja safi, hayana hata povu moja. Taratibu aliliacha lile gurudumu la mbele la kulia mpaka mwisho, akalirudisha kwa nati mbili tu ili ajaribu.

"Sasa, Dada, injini imezimwa. Kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Iko ngumu? Ishikilie hapohapo, usiachie. Mjomba, ufunguo."

Mzee alivua uzi shingoni. Taratibu aliingiza mkono dirishani akapiga stata. Injini ikakohoa, ikashika.

"Imezama," Dada alisema. Alikuwa akitazama mguu wake. "Pedali imezama yenyewe chini ya mguu."

"Ndivyo inavyotakiwa. Hiyo ndiyo busta."

Nyuma hapakuwa na moshi mweupe. Taratibu alimwambia Dada aachie, akalizungusha gurudumu kwa mikono, likazunguka kwa wepesi. Aliposema kanyaga, likasimama ghafla, kama lililoingia ukutani.

"Imeshika?" Mjomba aliuliza.

"Imeshika."

Dada aliegemeza kichwa kwenye kiti. Breki zilikuwa nzima, na alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Kesho ilikuwa Jumapili. Alitoka garini, akasimama kando ya boneti na viatu mkononi.

"Haya, nipisheni," Mjomba alisema. "Breki haijajaribiwa mpaka mwenyewe aijaribu."

Kuingia peke yake kulikuwa safari. Gari lilikuwa chini, stendi zilikuwa zimeinua pua yake, na mzee alilazimika kukaa kwanza, kisha kuingiza mguu wa kushoto, kisha kuinama na kuubeba wa kulia kwa mkono chini ya goti. Binti yake alipotaka kusogea mzee alimtazama tu, naye akabaki palepale. Hatimaye alishika usukani. Mgongo ukanyooka. Kwa muda mfupi alikuwa yule mtu wa zamani, na Taratibu aliyekuwa amechuchumaa gurudumuni aliona vidole vyake vikigonga usukani kwa kufuata injini.

"Tayari huko?"

"Tayari, Mjomba." Alilizungusha gurudumu. "Kanyaga."

Gurudumu lilizunguka.

Alisubiri. Lilizunguka mikononi mwake, jepesi, likisugua kidogo sana, kama linaloguswa na kitambaa. Alilisukuma tena.

"Nimekanyaga," Mjomba alisema.

Injini iliendelea kuunguruma taratibu. Fundi alilishika gurudumu kwa mikono miwili akalizungusha kwa nguvu zaidi, akiomba moyoni likwame popote, hata kwa kosa lake mwenyewe, nati, msasa, chochote. Lilizunguka. Aliinua macho, akachungulia chini ya mlango uliokuwa wazi, akauona mguu. Ulikuwa juu ya pedali. Ulikuwa mahali pake hasa, umenyooka vizuri, umelala pale kama mguu wa mtu aliyepumzika, na kandambili ilikuwa imeanguka pembeni. Juu zaidi, ngumi za mzee zilikuwa zimeukaba usukani mpaka mishipa ikasimama, na jasho lilimtoka kipajini.

"Nimekanyaga," alirudia, kwa sauti iliyobanwa. "Imeshika?"

Dada alikuwa ameliona gurudumu. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye viatu. Hicho ndicho alichokuwa akikidai kwa miezi, na sasa kilipokuja mbele yake alitikisa kichwa akimtazama Taratibu, akimwomba aseme imeshika.

Taratibu aliuweka mkono wake juu ya tairi, akalisimamisha yeye mwenyewe.

"Bado, Mjomba," alisema. "Bado haijashika."

Mjomba alitazama mbele, kwenye ukuta wa banda uliokuwa karibu sana na pua ya gari, kwenye spana zilizoning'inia kwa ukubwa wake. Kisha aliangalia chini, kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Akazima injini. Kitu fulani chini ya boneti kilipumua, kikanyamaza.

"Basi itakuwa bado ina hewa," alisema.

Taratibu aliitazama chupa ya kioo pale sakafuni. "Kesho nitaitoa tena."

"Itoe polepole. Usikimbilie." Mzee alipangusa kipaji kwa mkono wa shati. "Hewa huwa inajificha mahali."

"Inajificha, Mjomba."

"Na hiyo kutu ya kwenye silinda uliisugua vizuri?"

"Nitaiangalia tena."

Mjomba aliuchomoa ufunguo. Aliupitisha uzi wake kati ya vidole, akamtazama binti yake, ambaye alikuwa ameshusha macho, kisha akaunyoosha nje ya mlango, chini, kuelekea pale mpwa wake alipochuchumaa.

"Kaa nao wewe. Mtu asije akaliwasha kabla hujamaliza."

Ufunguo ulikuwa na joto la mkono wa mzee. Taratibu aliutia mfuko wa juu wa ovaroli, akafunga kifungo.

Dada alizunguka upande wa mlango, akapiga magoti, akaichukua ile kandambili kutoka kando ya pedali. Safari hii hakuna aliyejifanya anatafuta kitu kingine. Alimvisha baba yake, akaushika mguu kwa mikono miwili, akautoa nje ya gari. "Twende ndani, Baba, kumepoa." Mzee aliuweka mkono begani mwake, wakainuka pamoja, na kwenye mlango wa banda akasimama.

"Kesho utakuja saa ngapi?"

"Nikishapata chai."

"Usilishushe basi. Liache juu ya stendi."

"Naliacha, Mjomba."

Aliwasikiliza wakivuka uwanja, fimbo, hatua, mkokoto, mpaka mlango wa jikoni ukafungwa. Kisha alifuta spana moja moja na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio ambao angezihitaji kesho, kama kweli kulikuwa na kazi. Gurudumu aliliacha na nati zake mbili. Mpira mwembamba aliurudisha kwenye tundu lake, na ncha yake akaizamisha kwenye chupa, ambamo mafuta yalikuwa yametulia, safi, yanaonyesha mpaka chini.

Akavuta mlango wa banda, akauegesha bila kufunga.